Uliza Tukujibu: moshi wa mkaa, maji ya ziwa na mawese kwa mwenye presha

Mwakeye wasomaji wetu wa Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu, Kibondo na kote mnakotusoma. Safari hii maswali mengi yamekuja ya upande mmoja, watu wanataka kuishi na afya nzuri bila kuharibu mazingira na bila kumaliza hela ya matumizi. Nimechagua matano, na la kwanza nimelijibu kwa kirefu makusudi kwasababu linagusa karibu kila nyumba ya huku kwetu.

*Shikamoo dada. Mi ni mama wa watoto wanne, naishi Gungu. Napikia mkaa, mvua ikinyesha naingiza jiko ndani maana nje hakuna paa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ninao ila maharage yanamaliza gesi vibaya mno, alafu kujaza gesi inataka hela yote kwa mkupuo, mkaa nanunua kwa kopo. Mwanangu wa mwisho anakohoa kila mara. Nifanyeje?*

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na mtoto. Mpeleke kituo cha afya akaangaliwe kifua, na ukimuona anapumua haraka haraka au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi basi usisubiri kesho, siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu kama milioni 3.2 kwa mwaka 2020, na watoto wadogo wamo wengi humo kwasababu ndo wanaokaa karibu na mama akiwa anapika.

Alafu jiko la mkaa lisiingie tena kwenye chumba cha kulala, hata likionekana limeshatulia na halitoi moshi. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu inaitwa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, ukifunga mlango na dirisha inajaa chumbani na watu wanalala wasiamke. Watu wanakufa hivo kila msimu wa baridi na mvua na inaniuma kwasababu inazuilika. Tafuta mabati mawili na nguzo nne, chomeka kibanda nje hata kama ni kidogo kiasi gani, hiyo iwe hela ya kwanza unayotoa kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Na jambo jingine hukuliuliza ila naliona kila jioni nikipita mitaani, kuwashia mkaa kwa mfuko wa plastiki au kipande cha tairi. Jamani tuache. Ule moshi mweusi una sumu, unaingia kwenye mapafu ya anayepepea jiko na ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Washia kwa vijiti vikavu, maganda ya mahindi au karatasi kavu, itachukua dakika chache zaidi tu.

Sasa maharage. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, hapo tu muda wa kupika unapungua sana. Funika sufuria wakati wote. Alafu jifunze kumalizia kwenye kapu: chukua kapu kubwa au boksi, panga ndani blanketi kuukuu au nguo zisizotumika kila upande mpaka chini, chemsha maharage yaliyolowekwa yarukeruke kama nusu saa hivi, yakiwa bado yanatokota funika vizuri uyaweke ndani ya kapu, juu weka mto au blanketi lingine, uyaache masaa matatu manne bila kufunguafungua. Joto halitoki na yanaendelea kuiva bila moto wowote. Ukiyatoa yachemshe tena kabla ya kuunga. Usiruke ile nusu saa ya kuchemka sana, maharage hasa yale mekundu yana kitu kinachosumbua tumbo na kinaisha kwa moto mkali tu, ukiyaweka kwenye kapu yakiwa ya uvuguvugu yatawaumiza. Wali na makande nayo yanakubali njia hii.

Kwahiyo gesi yako iweke kwa vitu vya haraka, chai ya asubuhi, uji, mboga za majani, kupasha. Vya muda mrefu loweka na kapu, na ukiweza nunua jiko banifu ambalo linakula mkaa kidogo kuliko lile la bati tupu. Ukiwa na umeme na mkaweka hela kwenye kikundi chenu, fikirieni lile jiko la presha la umeme, watu wanaliogopa wanadhani linakula LUKU (umeme wa kununua kabla) lakini maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa nusu uniti au pungufu. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani elfu moja inakupa uniti 2.8, piga hesabu mwenyewe ulinganishe na kopo lako la mkaa. Kuna mkakati wa taifa wa nishati safi uliozinduliwa 2024 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, sawa, lakini wewe hauna haja ya kusubiri mpaka huo mwaka.

Na kwa msitu nako utakuwa umesaidia. Kwa matanuri ya udongo yanayotumika vijijini, kilo moja ya mkaa inatokana na kilo 5 mpaka 10 za kuni. Yani kila kopo usilonunua kuna miti ya miombo imebaki imesimama huko Uvinza.

*Dada habari. Mimi kijana wa Katonga, shughuli zangu ziwani. Maji ya ziwa letu ni masafi unaona mpaka chini, wazee wetu wamekunywa hayo hayo na wameishi miaka mingi. Kuna ulazima gani wa kuchemsha?*

Nzuri kaka yangu. Ni kweli Tanganyika lina maji maangavu kuliko maziwa mengi, na lina kina kinachofika mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu la Urusi. Ila vimelea havionekani kwa macho. Pale ufukweni unapochota wewe ndo hapo hapo watu wanaoga, wanafua, wanaosha vyombo, na wengine tuseme ukweli wanajisaidia. Kipindupindu kimeshapita kwenye mwambao huu zaidi ya mara moja na kinapita kwa njia hiyo.

Kuchemsha inatosha maji yakirukaruka dakika moja, hayahitaji nusu saa, watu wengi wanamaliza mkaa bure hapo. Na kuna njia haitumii moto kabisa, wewe unayeshinda juani inakufaa: chukua chupa ya plastiki angavu ya lita moja na nusu au mbili isiyo na mikwaruzo, toa lebo, jaza maji yasiyo na tope, ilaze juu ya bati kwenye jua kali masaa sita. Kukiwa na mawingu mazito iache siku mbili mfululizo, na siku za mvua ya kutwa chemsha. Maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Dawa ya klorini ya vidonge nayo ni nzuri, fuata maelezo ya kwenye pakiti. Ila yote hayo yatakuwa kazi bure kama baadae mnachovya kikombe kwa mkono kwenye ndoo, tafuta ndoo ya mfuniko na bomba.

Kuna kichocho pia. Huyo anapita kwenye ngozi, hata kama hunywi, anatoka kwa konokono wa kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Maji ya kuoga ukiyachota yakakaa siku nzima na usiku wake kwenye pipa, vile vijidudu vinakufa. Na ukiona damu kwenye mkojo nenda hospitali, dawa yake ipo.

Sasa na wewe ulisaidie ziwa. Tanganyika ni kama pipa kubwa lenye kitobo kimoja kidogo, mto pekee unaotoa maji ni Lukuga upande wa Kongo, maji mengine yanaondoka kwa mvuke tu, kwahiyo uchafu tunaoumwaga leo unakaa humo vizazi na vizazi. Na samaki wote unaowajua wanaishi tabaka la juu, ukishuka chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni. Chota maji, fulia mbali na ufukwe, ile povu uimwage kwenye udongo. Betri za taa zikifa usizitupe majini, hilo nakuomba sana.

*Binti yangu, mimi mzee wa miaka 61, Buzebazeba. Daktari kaniambia nina presha, nipunguze chumvi na mafuta. Mama yenu anapikia mawese tangu tumeoana. Niyaache nianze mafuta ya dukani?*

Shikamoo baba. Swali zuri na watu wanalijibu kwa ushabiki, wengine wanasema mawese ni dawa, wengine ni sumu. Mawese mekundu yana karotini nyingi ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inasaidia macho na kinga, hasa kwa watoto. Lakini pia karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito yanayopandisha kolesteroli. Kwahiyo sikuambii uyaache, nakuambia yapungue. Mboga ya watu sita vijiko viwili vitatu vya chakula vinatosha, mchuzi usielee mafuta juu. Na mwambie mama asiyaunguze mpaka rangi nyekundu ipotee, akishayafanya meupe ile faida yote imeungua ikabaki ile hasara. Kama mnaweza kuchanganya matumizi, siku nyingine alizeti, siku nyingine mboga ya karanga, vizuri zaidi.

Kwa presha yako ila chumvi ndo adui mkubwa. Kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na hiyo ni jumla ya kila kitu: ya kwenye mboga, ya kwenye samaki wa chumvi, ya kwenye vile vipande vya kiungo cha mchuzi, na ile unayonyunyizia mezani. Kibakuli cha chumvi kiondoke mezani leo hii. Samaki wa chumvi waloweke umwage maji mara mbili, au mle migebuka wabichi na dagaa waliokaushwa bila chumvi. Dagaa wetu tuwasifu, ukiwala wazima na mifupa unapata kalsiamu, na wakiwa wamekauka vizuri hawahitaji friji. Uwanunue waliokaushwa kwenye vichanja, wale wa mchangani unakuta umelipia na mchanga na kinyesi cha kuku. Na tuwaheshimu pia: 2024 ziwa lilifungwa kuvua kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Njaa ilikuwa kali najua, ila samaki wachanga wakiisha hakuna atakayekula.

Sahani yako, ugali wa muhogo upungue, sombe (kisamvu) na mchicha viongezeke mpaka vizidi ugali. Sokoni nenda kwa miguu kama magoti yanaruhusu, dakika 30 siku tano za wiki, uiache bodaboda kwa siku za mzigo. Dawa za presha baba usiache kumeza hata ukijisikia mzima kabisa.

*Dada hapa Mwanga gari la taka linachelewa sana, tunachoma uani. Kuna ubaya?*

Majani na karatasi moshi wake si mzuri, plastiki ndo mbaya kabisa, tafadhali usichome. Tenganisha tu. Maganda ya ndizi, ya viazi na mabaki ya mboga chimbia shimo, changanya na majani makavu na udongo, lowesha kidogo, geuza kila baada ya wiki kadhaa, ukinusa halina harufu mbaya tena na limekuwa jeusi weka kwenye bustani. Hapo taka zako zimepungua zaidi ya nusu. Chupa za plastiki na makopo wekea gunia, wapo vijana wananunua kwa kilo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 lakini bado ile laini ya nyanya na dagaa inazunguka, nenda na kapu lako na kibakuli chenye mfuniko, ukikataa mara chache muuzaji anakuzoea. Pampasi za mtoto zisiende mtaroni hata kidogo, mvua moja tu zinafika ziwani. Nepi za kitambaa mchana, pampasi usiku, unaokoa na hela.

*Mimi mwanafunzi wa fomu two, Kasulu. Sina hela, hivi naweza kufanya nini mimi?*

Mwanangu we ndo umenifurahisha kuliko wote. Jane Goodall, yule mama mtafiti wa sokwe, alifika Gombe mwaka 1960 akiwa hana hata digrii, na 1991 wanafunzi wachache wa Dar es Salaam walikaa naye barazani kwake ndo ikaanza Roots & Shoots, vikundi vya vijana vya kutunza mazingira, saivi ina vikundi nchi nyingi duniani. Uliza mwalimu kama shuleni kwenu ipo, kama haipo mwombeni aanzishe. Na nyumbani anza hivi: mbegu za papai mlilokula zioshe ule utelezi, zianike kivulini, zipande kwenye pakiti kuukuu za maziwa ulizotoboa chini, kama mwezi wa tisa hivi, mvua za mwezi wa kumi na moja zikikolea uhamishie shambani. Panda nyingi kidogo kwasababu mengine yatakuwa madume yasiyozaa. Gunia moja la udongo na samadi uani toboa pembeni upande mchicha na sukuma, mwagilia maji ya kuoshea mboga. Ukikwama mahali tuandikie tena, picha za miche nazo tunazipokea.