Jibu: Vidonge vya probiotiki au mtindi?
Mkuu, umeuliza kama ununue vidonge vya probiotiki (yaani bakteria hai wazuri kwa tumbo) kwa sababu tumbo limevurugika tangu uanze dozi ya antibayotiki. Mimi ningeanza na mtindi, vidonge ni ghali. Antibayotiki haichagui, inaua bakteria wa ugonjwa pamoja na wale wazuri wa utumbo, ndiyo maana wengi huharisha. Mtindi unao bakteria hai, mradi usipashwe moto baada ya kuganda, maana joto linawaua. Chemsha maziwa kwanza, yapoe yawe vuguvugu, tia kijiko cha mtindi wa jana, funika mpaka kesho. (Maziwa mabichi yaliyoganda yenyewe siyashauri kabisa, brusela ipo, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kupitia maziwa mabichi.) Wa dukani soma lebo, mwingine umejaa sukari tu.

Ila usimezee dawa kwa mtindi! Antibayotiki kama doxycycline na ciprofloxacin hunaswa na kalsiamu ya maziwa, sehemu ya dawa ikapita bure. Meza kidonge kwa maji, mtindi uje baada ya masaa 2 au zaidi. Na dozi umalize. Ukiona damu kwenye choo au homa ikipanda, wahi hospitali.