Usiuze mikorosho ya mzee kabla hujapima macho

Mdogo wangu, umesema mzee yuko tayari kuuza shamba la mikorosho Newala ukasomee urubani Sauzi halafu ubaki huko huko ufanye kazi. Ngoja kwanza. Kabla hata mkorosho mmoja haujauzwa panda basi nenda Dar kapime medikali ya daraja la kwanza, yaani vipimo vya afya vya marubani, kwa daktari anayetambuliwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, wanakufungulia kile kitabu cha vidoti vya rangi usome namba iliyojificha humo waone kama unatofautisha rangi, jamaa yangu wa Masasi aliona vidoti tu, na ada alishalipa.

Hela sasa. Usilipe yote kwa mkupuo hata wakupe punguzo gani, mi nililipa yote, ndege za chuo zikaharibika ikabaki moja tunaigombania kama bajaji ya mwisho usiku, miezi minne nimeruka masaa sita!! Lipa kadiri unavyoruka. Leseni ya urubani wa biashara, ile ya kurusha ndege kwa malipo, inataka kama masaa 200 hivi ya kuruka.

Kazi huko huko ndo ngumu, viza ya mwanafunzi sio kibali cha kazi na wenyewe wana vijana wao kibao wenye masaa hayo hayo wako benchi. Wengi tunarudi, unabadilisha leseni TCAA, unaanza na vindege vya Caravan vya injini moja kupeleka watalii mbugani, ukepteni wa ndege kubwa utasubiri mpaka masaa 1500.

Mwambie mzee auze korosho za msimu huu tu, shamba libaki. Ukishapima nitafute tuongee chuo.