Black Flag kwa mtu aliyekulia Amu: jibu refu kwa alieuliza kama bado inachezeka

Ndugu, umeuliza hivi, umenunua PS4 ya mtumba, muuzaji kakutilia na diski ya Assassin's Creed IV: Black Flag juu yake bure, na wenzako wanakuambia gemu ya 2013 hiyo ni takataka, tupa. Usitupe banaa. Mimi nimeimaliza mara mbili, na mara ya pili sikuimaliza kwa ajili ya stori, nitakueleza kwa nini, ila jibu langu litakuwa refu kwa sababu hii ndiyo gemu peke yake niliyowahi kuicheza na mtu wa bahari ameketi nyuma yangu ananikosoa.

Kwanza ujue kwetu Amu, yaani Lamu, ukienda kibandani kucheza plei ni mpira tu, FIFA asubuhi FIFA usiku, ukisema unataka gemu ya stori unaangaliwa kama mtu aliyekuja kulala, foleni yote ile na wewe unataka kutembeatembea juu ya mapaa. Kwa hivyo nilingoja mpaka nikapata mashine yangu mwenyewe, nikaiweka chumba cha juu nyumbani, na hapo ndipo ami akaanza kuja. Ami wangu ni nahodha mstaafu, ameendesha jahazi za boriti mpaka Mombasa tangu zama za matanga matupu kabla ya kila mtu kufunga injini, na sasa magoti yamekataa, kazi yake ni kuswali, kukaa barazani na kuuliza wengine wanafanya nini.

Stori yenyewe nikuambie kwa ufupi maana si ndiyo tamu yake. Wewe ni Edward Kenway, mtu wa Wales aliyeacha mke akaenda Karibi kutafuta utajiri, mwaka ni 1715, meli inavunjika, anamuua mtu mmoja kwenye kisiwa, anavaa nguo zake na kujifanya yeye, halafu anaenda Havana kudai malipo ya yule marehemu. Yaani shujaa wetu ni mwizi wa kitambulisho. Mimi nilimpenda kwa hilo, hajifanyi mtakatifu, vita vya Assassins na Templars, vile vikundi viwili vya siri, haviwahusu yeye na mfuko wake kwa muda mrefu sana. Masaa mawili matatu ya kwanza utaona polepole, unakimbia vichochoroni, unapanda minara, vumilia. Gemu inaanza siku unapopewa Jackdaw, meli yako.

Jackdaw ni briki, milingoti miwili, matanga ya mraba. Siku ya kwanza nimeitoa bandarini, natweka matanga yote, nafurahi, nyuma nasikia ami anaguna. Nikamuuliza vipi ami. Akasema, "Upepo watoka wapi?" Nikamwambia sijui. "Bendera yako yaelekea nyuma, upepo wakupiga usoni, na chombo chaenda mbele. Chaenda na nini?"

Sikuwa na jibu. Na kweli, ukishaonyeshwa huwezi tena kutoona. Jackdaw haijui kupiga bisha, ile kwenda upande huu na upande ule kuushinda upepo. Unaelekeza omo, mbele ya chombo, popote moyo unapopenda, unabonyeza kitufe, inaenda. Mtu aliyeketi kwenye dau hata siku moja, kutoka Shela kuelekea mjini na upepo umekaa vibaya, anajua kwamba kwenda mahali ambapo upepo unatoka ni kazi ya kwenda upande huu, unapindua tanga, unarudi upande ule, ubao unahamishwa upande wa joshi, unakotoka upepo, na watu wanaukalia kuzuia chombo kisilale, na kama unashindana siku ya Maulidi hapo ndipo ushindi unapopatikana, si kwenye kwenda moja kwa moja. Tena tanga letu la pembe tatu ndilo linaloweza kuukaribia upepo vizuri zaidi, matanga ya mraba kama ya Jackdaw raha yake ni upepo wa nyuma. Kwa hiyo ami alikuwa anaona chombo dhaifu kwa kazi ile kinafanya muujiza kila dakika. Alisema labda kuna injini imefichwa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo.

Jambo la pili alilolisema lilinichukua kama wiki kulielewa. "Mbona mayi hayatoki?" Nikadhani anamaanisha chombo kinavuja. Kumbe alikuwa anatazama ufukwe. Kwenye gemu hiyo bahari haijai wala haitoki, mchanga unaouona asubuhi ndio huo huo jioni, unaingia kwenye ghuba yoyote saa yoyote. Kwetu zamani mtu alikuwa hapiti Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, bila kujua maji yako wapi, makubwa ya bamvua au madogo ya mafu, na ukikosea saa ulikuwa unakaa juu ya fungu na abiria wako wote mkitazamana mpaka maji yarudi na hakuna wa kumlaumu. Mimi nimekaa hivyo mara moja nikiwa mdogo, tumebeba magunia ya unga, masaa kama matano juani. Kwa hivyo kama wewe ni mtu wa bahari usitegemee mafunzo ya ubaharia hapa, ni bahari ya watu wa bara waliyoipenda kwa dhati.

Lakini ngoja sasa. Ami aliyekuja kucheka ndiye huyo huyo aliyekuwa ananiuliza baada ya Isha, "Yeo hufungui?" Kwa sababu yale waliyoyapata, wameyapata sawasawa. Wimbi. Sijaona gemu nyingine ya enzi ile iliyolipa wimbi uzito namna ile, chombo kinapanda, kinasimama kidogo pale juu, halafu kinaanguka na tumbo lako linaanguka nacho. Na dhoruba ikikukuta kunakuja mawimbi makubwa kama ukuta, ukilipa ubavu unapigwa na chombo kinaumia, dawa yake ni kugeuza omo ulikabili na kubonyeza kitufe cha kujishikilia, mabaharia wote wanainama. Mara ya kwanza nilikuwa sijui, nikalipa ubavu, ami akapiga kelele mpaka mama akaja kuangalia kuna nini. "Wimbi hulipwa omo!" Hapo alisahau kabisa habari ya upepo. Mvua inanyesha, chamchela ya bahari inapita mbele yako inazunguka, radi, giza, na yeye amekaa mbele kabisa kwenye ukingo wa mkeka anaendesha kwa mdomo.

Na nyimbo. Hapa ndugu usizime sauti ukaweka muziki wako, utajinyima. Mabaharia wa Jackdaw wanaimba mkiwa safarini, nyimbo za kazi za Wazungu wa zamani, mmoja anaanzisha na wengine wanapokea, na ukitaka wajue nyimbo zaidi lazima uzifukuze mjini, karatasi inapeperuka juu ya mapaa na wewe unaikimbilia, ukichelewa inapotea. Ukikaribia vita wananyamaza. Ule unyamavu ni mzuri kuliko muziki wowote wa hatari, maana unajua hata kabla hujaona kitu. Ami haelewi neno moja la zile nyimbo lakini alielewa zinafanya nini, akasema na wao walikuwa hivyo wakivuta jarari, ile kamba ya kupandishia tanga, foromali, mti wa tanga, ni nzito, bila wimbo mikono haiendi pamoja, mmoja anavuta mwingine anapumua. Akaanza kuimba moja. Nikaiweka gemu pozi. Alipomaliza akasema endelea, unapoteza upepo, halafu akajicheka mwenyewe.

Sasa mambo ya kukusaidia wewe unayeanza. Unapoiona meli mbali toa darubini uitazame kwanza, inakuonyesha nguvu yake na imebeba nini, ramu, sukari, mbao, chuma, nguo. Ramu na sukari ni za kuuza, chuma na mbao ndizo za kuikuzia Jackdaw, na mimi nakuambia kila chuma unachokipata mwanzoni tia kwenye mwili wa meli kabla ya mizinga, kwa sababu mzinga mkubwa hauna faida kama umeshazama. Usiizamishe meli ya mtu kama unaweza kuiteka, ukiizamisha unapata nusu tu ya shehena. Ivunje nguvu mpaka isimame, isogelee, wape amri warushe kamba, ruka upande wa pili, na hapo kila mara ni vurugu moja nzuri sana, moshi, watu wanaruka na kamba, wewe unapanda mlingoti wao kukata bendera. Nimefanya mara mia na bado sijachoka. Baadaye unaweza kurekebisha Jackdaw kwa meli uliyoiteka, au uipunguze hasira ya wanaokuwinda, au uitume kwenye kikosi chako cha biashara.

Kwenye pembe za ramani kuna meli za hadithi, usizisogelee mapema. Mimi nilijiona mjanja nikaenda kwa El Impoluto, ile ya Kihispania, inakuja kukugonga na omo kama ng'ombe, nilidumu sijui dakika moja. Kuna na pahali meli mbili za Waingereza zinakupiga kwa zamu, hapo stima ya nyumbani ilipotea nikiwa nimebakisha moja na nusu na kwa mara ya kwanza nikaelewa watu wanaovunja kontrola.

Uwindaji upo pia, unashushwa kwenye mashua ndogo na machusa unamwinda papa au nyangumi. Ami hakupenda ya nyangumi. Papa sawa, ng'onda ni chakula, lakini nyangumi alisema huyo ukimwona unampisha, basi. Nikaacha, ingawa ngozi zake zinatakiwa kwa kutengeneza vitu vya Edward, nikachukua njia nyingine ya kununua dukani kwa bei ya kuumiza.

Sasa mabaya, na yapo. Misheni za kufuata watu. Ee Mola. Unaambiwa mfuate fulani usikilize maneno yake, usikaribie sana, usikae mbali sana, ukionekana unarudia, na zimejaa, tena kuna moja unamfuata kwa meli, meli nzima, ndani ya kinamasi, eti hawakuoni. Mimi nilikuwa nacheka kwa sababu ya kwetu. Jaribu kumfuata mtu kwa siri kwenye vichochoro vya Amu, hatua kumi hujafika umeshapewa salamu tatu, umeulizwa mama hajambo, punda amekubana ukutani na yule unayemfuata amegeuka anakungoja mwende pamoja. Lakini kucheka kuliisha kwenye misheni ya tano. Nilirudia moja mpaka nikakariri mazungumzo yote.

Halafu kila baada ya muda unatolewa baharini unarudishwa zama za sasa, kwenye ofisi za Abstergo, kampuni ya kubuni, huko Montreal, unatembea na tableti unafungua kompyuta za watu. Pita haraka.

Kuhusu watu. Mary Read, Anne Bonny, Charles Vane, Blackbeard, hao walikuwepo duniani kweli, Kenway ndiye wa kubuni, na gemu inakwenda mpaka 1722 kwa hivyo ukisoma historia yao kabla utajiharibia, kaa mbali na Wikipedia. Mimi nilijiharibia kwa Blackbeard. Bado ilinigusa.

Ila mtu wangu ni Adéwalé. Ndiye msaidizi wa Edward kwenye Jackdaw, sisi tungemwita sarahangi, Mwafrika aliyezaliwa utumwani Trinidad. Ana akili kuliko nahodha wake na anajua, na kuna pahali mapema unamsikia akieleza kwa nini yeye hawezi kuwa nahodha mbele ya mabaharia wale, anasema bila kulia, kama mtu anayesema bei ya samaki. Yeye ana kipande chake peke yake, Freedom Cry, miaka mingi baadaye, Port-au-Prince na mashamba ya Saint-Domingue, 1735. Kama diski yako haina, inauzwa peke yake, na ni fupi. Unakomboa watu mashambani na kwenye meli zilizowabeba. Hapo nina neno. Kila mtu unayemkomboa anahesabiwa juu ya skrini, na ile hesabu ikifika kiasi fulani unafunguliwa silaha mpya, mfuko mkubwa zaidi. Nilijikuta naangalia wamebaki wangapi nipate panga bora, nikaona aibu kidogo, maana pwani hii nayo ilipakia watu, habari hizo kwetu hazikutoka kwenye vitabu peke yake. Na kuna wakati uko ndani ya meli ya watumwa inazama na wamefungwa chini. Ami alikuwepo. Hakusema upepo wala maji. Aliniomba maji ya kunywa, akateremka akaenda zake, siku mbili hakuja.

Siku ya tatu alikuja na kitu amefikiria. Aliniambia nimwekee ile ya kwanza, ya Jackdaw, bila vita, niiache bahari wazi tu. Nikampa kontrola mwenyewe. Akaigongesha kwenye mwamba mara mbili, akapotea, mabaharia wanaimba, na kila alipoigeuza alikuwa anapiga bisha, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto, na chombo hakihitaji. Nikamwambia ami, nenda moja kwa moja tu, inaenda. Akasema anajua.

Kwa hivyo weka diski. Ukikwama kwenye ile ya kinamasi, kaa nyuma yake kabisa, punguza matanga na usiguse mizinga. Kama bado hupiti rudi hapa uniandikie.