Anzieni Beaune, mshuke kusini

Ndugu, umeuliza mkaendeshe baiskeli wapi: kama shemeji anaogopa magari na wewe hutaki milima ya kukata pumzi, nendeni Bourgogne, eneo la mvinyo huko Ufaransa. Kutoka mji wa Beaune fuateni njia ya baiskeli iitwayo Voie des Vignes hadi Santenay, takriban kilomita 22 za vijia vya mashambani katikati ya mizabibu, mkipita vijiji vya Pommard, Volnay, Meursault na Puligny-Montrachet. Miinuko ipo, ila mifupi. Mtakachokutana nacho zaidi ni trekta za wakulima, hasa Septemba wakati wa mavuno, zipisheni. Miguu ikiwa bado ina nguvu, endeleeni kando ya mfereji wa Canal du Centre hadi Chagny: tambarare tupu, na kuna treni ya kuwarudisha Beaune. Mvinyo onjeni jioni, maana huko sheria ya ulevi barabarani inamhusu hata mwendesha baiskeli.