Kazini natakiwa, nyumbani nangojewa: majibu kwa mnaouguza huku mmeajiriwa

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu walioajiriwa ambao nyumbani wana mgonjwa au mzee wa kuangalia. Nimeyafupisha, na yale yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa.

Mama alipata kiharusi. Kila nikitaka kumpeleka mazoezi hospitali nadanganya kazini kwamba mimi ndiye ninayeumwa. Msimamizi wangu ameanza kunitilia shaka. Nimwambie ukweli?

Mwambie, dada yangu, tena usisubiri akuite yeye. Kwa sasa ofisi inakujua kama mfanyakazi wa kuumwaumwa, na siku ukiugua kweli utakosa pa kushika.

Ila ukweli peke yake hautoshi. Ukisema "mama anaumwa, naomba mnielewe", utapewa pole na mambo yatabaki palepale. Nenda na ombi linalopimika: "Mama ana mazoezi ya viungo Jumanne na Alhamisi asubuhi. Naomba siku hizo niingie saa nne, nifidie jioni, na ripoti ya Jumanne niwe nimeituma Jumatatu. Tujaribu miezi miwili, kisha tukae tuangalie." Hapo msimamizi anaona saa, anaona kazi itafanywaje, na anajua majaribio yanaisha lini. Mkikubaliana, mwandikie barua pepe siku hiyohiyo ukirudia mlichoafikiana. Wasimamizi huhamishwa, na ajaye hafungwi na ahadi ya mdomo.

Kabla ya hapo soma mkataba wako wa ajira. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1981 Mkataba namba 156 wa wafanyakazi wenye majukumu ya familia, unaosema kwamba majukumu hayo peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo ulizia chama cha wafanyakazi sheria ya kwenu inasemaje. Tofauti ni kubwa: Japani mfanyakazi anaweza kuchukua likizo ya hadi siku 93 kwa kila ndugu anayehitaji uangalizi, akazigawa mara tatu, wakati agizo la Umoja wa Ulaya la 2019 linataka apewe likizo ya angalau siku 5 za kazi kwa mwaka. Kuna watu wana haki hizi kwenye makaratasi na hawajawahi kuziomba.

Tumezaliwa wanne, ila mimi ndiye ninayekaa na baba. Wenzangu wanatuma pesa, wakishatuma wanaona wamemaliza. Nikisema, naambiwa nina manung'uniko.

Huna manung'uniko, ndugu yangu. Una kazi ya pili isiyo na jina. Pesa yao inaonekana kwa sababu ina risiti, saa zako hazina. Basi kwa wiki moja ziandike: kumwogesha, kubadilisha shuka saa nane usiku, foleni ya dawa, kumsubiri daktari, kufua. Usiandike kwa hasira, andika kama mtunza stoo anavyojaza leja.

Kisha waite mzungumze, daftari likiwa mbele yenu. Usiwaambie "nisaidieni", maana ukisema hivyo mzigo umekubali ni wako. Kila mmoja achukue jambo lake moja kwa moja. Aliye mbali anaweza kushika miadi ya hospitali na mambo ya bima, tena yeye ndiye apigiwe simu, si wewe. Mwingine akichukua likizo, aje akae na baba wiki nzima ili nawe ulale. Na kama ulipunguza saa za kazi mshahara ukashuka, kiasi hicho kiingizwe kwenye hesabu pamoja na pesa zao, kwa sababu nacho ni mchango.

Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kila siku duniani hufanyika saa bilioni 16.4 za kazi ya uangalizi isiyolipwa, na zaidi ya robo tatu hufanywa na wanawake. Wanaohesabu wameshaiita kazi. Na nyumbani kwenu iitwe hivyo.

Mama mkwe ana ugonjwa wa kusahau, haachwi peke yake. Mume wangu anasema niache kazi kwa kuwa mshahara wangu ni mdogo.

Mshahara wa mwezi si hesabu yote. Ongeza michango ya pensheni, bima ya afya kama inapitia kazini, na ugumu wa kuajiriwa tena baada ya miaka kadhaa. Ugonjwa huu hauna tarehe ya kwisha.

Halafu nakuuliza, mama: kwa nini gharama ya kumwangalia mama wa mumeo ipimwe kwa mshahara wako pekee? Ni gharama ya nyumba. Ipimeni kwa mishahara yote miwili, naye mumeo aulizie kazini kwake kuhusu zamu na likizo bila malipo. Kuacha kazi kuwe mlango wa mwisho. Lakini mwili wako ukianza kukataa, usione haya kuufungua.

Mimi ni mwanamume. Nikiomba ruhusa ya kumpeleka mama kliniki, wenzangu wanacheka.

Endelea kwenda, kaka. Mwanao anakuona, na huenda hapo ofisini yupo mwingine anayeficha lilelile.

Mfanyakazi wa nyumbani anashinda na mama, na usiku ndiye anayemwamkia. Siku hizi amekuwa mkali. Nimbadilishe?

Kwanza hesabu saa zake. Wewe unachoka, lakini kazini unatoka, yeye hatoki. Anayeamka kila baada ya saa mbili kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia hajalala, hata kama ulimkuta kitandani. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa majumbani, unataka apate mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Wewe mwenyewe hungekubali pungufu ya hapo kwa mwajiri wako.

Gawaneni usiku, mpe siku yake ya mapumziko kamili, na umwombe muuguzi wa kliniki amwonyeshe namna ya kumwinua mama bila kuumiza mgongo. Akishalala vizuri wiki kadhaa na ukali bado upo, hapo ndipo mkae mzungumzie kuachana.