Klachi: usikimbilie kushusha giaboksi

Nyinyi mnaoanza gereji, hii ya klachi nawaambia kwa sababu ilinipotezea mteja. Nilikuwa bado mpya hapa Kondele, ikaletwa matatu gia hazitaki kuingia, mi nikashusha giaboksi bila kujaribu kitu, siku nzima niko chini ya gari, kufungua nakuta pleti (ile sahani ya klachi inayoshikana na injini) bado nene kabisa. Shida ilikuwa silinda ya chini, ile ya kwenye giaboksi inayosukuma klachi kwa mafuta, inavuja. Mwenye gari alikosa kazi siku mbili na hakurudi tena, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hivyo gia zikikataa na klachi ni ya mafuta, kwanza pampu pedali mara mbili tatu haraka haraka. Zikiingia baada ya hapo, anza kushuku hewa kwenye laini (paipu ya mafuta) ama silinda, pleti baadaye. Cheki mafuta kwenye chupa (gari nyingi zinatumia moja na ya breki), alafu ingiza mkono juu ya pedali pale silinda ya juu inapotokea, ukihisi majimaji basi ushaipata. Ya chini vuta ile raba yake, ikimwaga mafuta inavuja. Mwambie mwenzako akanyage we ukiangalia ile foku (mkono unaosukumwa na silinda ya chini) inasukumwa kiasi gani. Na kama ni gia moja tu inakwaruza zingine ziko poa, hiyo nayo ni sinkronaiza (ringi inayosaidia gia kuingia laini) ndani ya giaboksi, klachi muiache.

Kuteleza ni ugonjwa mwingine, tafadhali msichanganye. Gari ikipanda mlima wa Riat imejaa watu injini inalia sana lakini mwendo hauongezeki, na unasikia harufu ya kuungua. Kama klachi ni ya kebo, yaani inavutwa na waya, angalia kwanza pedali iko na uchezaji kidogo juu, kebo ikikazwa kupita kiasi klachi haishiki yote na pleti ambayo haijaisha itateleza bure. Kama uchezaji uko sawa, tafuta mahali tambarare, vuta handbreki, kanyaga breki, weka gia ya 3 ama ya 4, ongeza moto kidogo uachilie klachi. Klachi nzima itazima injini saa hiyo hiyo, klachi iliyoisha injini itaendelea kunguruma. Jaribu mara moja tu, usirudie rudie utaimaliza, na mtu asisimame mbele ya gari!

Kelele sikiliza gari ikiwa nyutro. Ikianza ukikanyaga pedali ni rilizi bering (ile inayobonyeza klachi iachie), ikipotea ukikanyaga ni bering ya shafti ya giaboksi.

Gari ikitetemeka kuondoka angalia mauntingi (raba zinazoshikilia injini) kabla ya yote. Zikiwa nzima pengine pleti imelowa oili, na hapo ndio lazima ushushe, lakini ukishashusha badilisha pleti, presha (kifuniko kinachoibana pleti) na rilizi bering pamoja, tazama uso wa flaiwili (gurudumu la injini ambalo pleti inashika), na ile sili ya nyuma ya kranki (raba inayozuia oili ya injini) kama inavuja usiirudishe, pleti mpya italowa oili tena.