Barua za balozi mdogo zikiishia 1906, usiandike kwamba ofisi ilifungwa

Juzi dada mmoja anayesoma masta kanitumia meseji, "Kaka, nimemaliza barua zote za balozi mdogo wa Marekani Zanzibar, zinaishia 1906, kwani walifunga ofisi?" Nilivyoisoma moyo ulinipasuka, maana shimo hilo nilishaingia mzima mzima.

Nilikuwa naandika tasnifu. Kila usiku bando likishuka bei nafungua maikrofilamu (barua zilizopigwa picha ndogo kwenye filamu) za ofisi ya Zanzibar, iliyofunguliwa 1837, nasoma miandiko ya wino uliofifia, karafuu, pembe za ndovu, vitambaa vya merikani, macho yananitoka. Nikafika 1906, kimya. Basi nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba kuanzia hapo Wamarekani hawakuijali tena Zanzibar. Siku ya kutetea, profesa mmoja akaniuliza mbele za watu, "Umetafuta wapi?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikikumbuka lile swali bado linaniuma.

Ofisi haikufungwa, iliendelea mpaka 1915. Kilichobadilika ni makabati ya Washington! Mpaka Agosti 1906, Wizara ya Mambo ya Nje ilipanga barua kwa kuangalia nani kaandika: za mabalozi wadogo kwa mji wao, za mabalozi kwa nchi, maagizo ya wizara kivyake, zote zinajaladiwa kwa tarehe. Enzi za waziri Elihu Root wakaanza kutoa namba kwa kila jambo, kwa hiyo barua ya balozi, jibu la wizara na malalamiko ya mfanyabiashara vinakaa faili moja. Halafu 1910 wakabadilisha tena, wakaleta namba za desimali. Ukizizoea unazisoma kama pleti namba ya gari. Ile telegramu ya Zimmermann ya 1917, Ujerumani inaibembeleza Mexico iingie vitani, iko 862.20212: 8 ni mambo ya ndani ya nchi, 62 Ujerumani, 12 ya mwisho Mexico.

Kwa hiyo angalia mwaka kwanza. Kabla hujauliza nani kaandika, angalia mwaka.

Niliporudi kutafuta upya nikapata barua yangu ya kwanza ya baada ya Agosti 1906, nikaikuza mpaka ikajaa skrini. Juu namba ya barua na tarehe ya Zanzibar, inaanza "Nina heshima ya kuarifu", na pembeni muhuri wa kupokelewa Washington wiki kadhaa baadaye. Niliita mke wangu aje aone, saa nane usiku.

Na jamani msiridhike na upande mmoja. Kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani nyaraka zimegawanywa kwa makundi yenye namba: kilichofika Washington kiko kundi namba 59, ila daftari za ofisi yenyewe, nakala za barua walizotuma na barua za watu wa mjini waliokuja kulalamika, ziko kundi namba 84. Wengi wetu tunaishia 59 halafu tunajiita watafiti. Mtu aliyepanda ngazi kupeleka barua yake kwa balozi mdogo pale mjini anastahili kusomwa pia, tusimwache kwa uvivu wetu.

Wewe dada, anza na kadi za faharasa za mafaili ya 1906 mpaka 1910, tafuta neno Zanzibar, andika kila namba unayoiona. Na ile sentensi ya ofisi kufungwa, kama ushaiandika, ifute leo kabla msimamizi hajaiona.